Fomula ya Mwalimu na Pipa la Njano

Mume wangu alifundisha hisabati sekondari mpaka akastaafu, na tangu astaafu hakuna kitu ndani ya nyumba hii ambacho hakijapigiwa mahesabu. Umeme wa LUKU unapigiwa mahesabu, gesi inapigiwa mahesabu, hata mchele najulishwa utaisha lini kabla sijafunua debe. Nimeshazoea. Ila alipoanza kumpigia mahesabu mama yake mzazi, hapo nilijua tutatafutana.

Mama mkwe ana chumba chake upande wa uani, na ukimtafuta mchana utamkuta barazani kakunja miguu, anasuka ukili, redio pembeni. Mikeka yake ina wateja kutoka hapa Tanga mpaka Pangani. Wakati fulani moyo wake ulianza kwenda bila mpangilio, mara unakimbia, mara unaruka pigo, na hospitali wakamwandikia digoksini, tembe moja ya mikrogramu 250 kila siku. Mwalimu akajipa kazi ya kumtolea dawa. Kila asubuhi anamwekea tembe kwenye kisosi na kikombe cha maji, anarudi ndani kusikiliza taarifa ya habari, kisha anafuata kisosi kikiwa kitupu. Nidhamu ya darasani kabisa.

Balaa lililetwa na kitabu. Binti yetu anasomea ufamasia, na alipomaliza likizo alisahau kitabu kinene juu ya friji. Mwalimu alikifungua kutafuta picha ya moyo, akakutana na milinganyo. Chakula cha mchana hakuja kula.

"Mama watoto," akaniita kutoka sebuleni, "unajua kwamba dawa ya Mama ni mfululizo wa kijiometri?"

Nikamwambia sijui, na kwamba mchele wa safari hii una mawe.

Akaja nao ule mzigo mpaka jikoni. Dawa ikishaingia kwenye damu, akasema, mwili hautoi kiasi kilekile kila saa. Unatoa sehemu ileile. Ikiwamo nyingi unatoa nyingi, ikibaki kidogo unatoa kidogo. Kwa hiyo dawa haimaliziki kwa mstari ulionyooka, inapungua kwa mkunjo, kwa kasi mwanzoni na taratibu kadiri inavyobaki kidogo. Muda unaochukua kupungua ikafika nusu ndio nusumaisha yake. Paracetamol, saa 2 hadi 3 tu. Digoksini, kwa mtu mwenye figo nzima, saa 36 hadi 48. Akachukua 40, akachora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Baada ya saa 24, asilimia 66 ya tembe ya jana bado imo mwilini, na juu yake inaingia ya leo. Ya juzi nayo imebakisha asilimia 44. Ya siku iliyotangulia, 29. Jumlisha 1, jumlisha 0.66, jumlisha 0.44, endelea hivyo mpaka Kiyama, hutafika 3.

"Maana yake," akasema huku anagonga meza kwa kalamu, "Mama akishameza tembe moja, mwilini mwake mna tembe karibu 3. Na hazipandi zaidi ya hapo. Kinachotoka kwa siku kinakuwa sawa na kinachoingia."

Nakiri jambo lenyewe lilinivutia, ingawa sikumwonyesha, maana ukimwonyesha anachota na ya kidato cha sita. Nilitaka kujua nani alikaa akayawaza haya. Kumbe ni watu wa Sweden kwa sehemu kubwa. Mwaka 1937 Torsten Teorell wa Uppsala alichapisha makala mbili zilizouchora mwili kama vyumba vilivyounganishwa, dawa ikihama kutoka chumba hadi chumba, kila mlango na kasi yake. Kabla yake Msweden mwenzake, Erik Widmark, alishatengeneza fomula ya pombe kwenye damu, na pombe ndiyo mkaidi wa ukoo huu: ini huitoa kwa kasi karibu moja, iwe nyingi au kidogo, ndiyo maana mlevi hata akinywa ndoo ya kahawa lazima asubiri. Jina famakokinetiki lenyewe lilikuja baadaye, kwenye kitabu cha daktari wa watoto Mjerumani, F. H. Dost, mwaka 1953.

Bibi yeye alipenda habari moja tu. Mwalimu alimsomea kwamba digoksini ni ya jamii ya mmea wa Ulaya wenye maua kama vidole vya glovu, na kwamba daktari Mwingereza William Withering, aliyeandika kitabu chake juu ya mmea huo mwaka 1785, alianzia kwenye dawa ya siri ya ajuza mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa majani 20 na zaidi.

"Kumbe ni dawa ya bibi mwenzangu," akasema mama mkwe, akaendelea na ukili wake. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Mwalimu akageuza ukurasa, akakuta kwamba digoksini hutoka mwilini zaidi kwa njia ya figo, na figo za wazee huchoka. Kuna fomula ya kuzikadiria, ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito, gawa kwa kreatinini mara 72, na akiwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Hiyo 0.85 ilinikera. Watu waliopimwa kuitengeneza fomula walikuwa karibu wote wanaume. Sisi tukakatwa asilimia 15 kwa makisio. Lakini ndiyo iliyotumika dunia nzima, nami si mtu wa kumwandikia barua Cockcroft.

Kreatinini ilikuwapo kwenye karatasi ya hospitali, mikromoli 106, akaigawa kwa 88.4 akapata 1.2. Kilichokosekana ni uzito na umri.

Uzito tulienda kuupima kwenye mashine ya kusaga, kwenye mizani ya magunia. Bibi alikataa kusimama mbele ya vijana wa mashine, akakalia debe lake la mahindi, ikabidi debe lipimwe peke yake baadaye na litolewe. Kilo 50. Wale vijana wakamuuliza Mwalimu kama anamsaga au anamkoboa. Tulirudi nyumbani kimya.

Umri ndio ulikuwa kazi. Kitambulisho kinasema 78. Bibi akasema huo ni umri wa karani aliyeandika. Yeye ni wa 70, kwa sababu alizaliwa pamoja na dada wa jirani ambaye bado anavuka barabara mwenyewe. Mjomba kwa simu akasema hafai kuwa chini ya 85. Mwalimu akapiga zote tatu: 30, 34 na 27. Kijana mwenye afya anakuwa kwenye 100 au zaidi. "Unaona," akaniambia kwa sauti ya chini, "hata akidanganya miaka 8, jibu ni lilelile. Figo zimechoka."

Figo zikichoka, nusumaisha inarefuka. Kitabu kilisema zikifa kabisa inaweza kufika hata siku 5. Akachukua siku 3, akarudi kwenye kalenda. Baada ya siku moja inabaki asilimia 79, na ule mfululizo wa mpaka Kiyama haukomei tena kwenye 3. Unafika 4.85. Tembe karibu 5 mwilini mwa mtu wa kilo 50, kwa dozi ileile, kisosi kilekile. Na digoksini haina nafasi ya kuchezea: kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaa jirani. Kitabu kikaorodhesha dalili za kuzidi: kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, moyo kwenda kombo, na kuona vitu vikiwa vya njano.

Hakugusa dozi, hilo nampa haki yake. Alisema Jumatatu atampelekea daktari karatasi. Ila kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na mikono ilikuwa inamwasha, aliamua kuthibitisha fomula kwa vitendo.

Hapa lazima niseme kwamba wifi yangu alikuwa anaozesha. Kwa kuwa kwake maji yalikuwa ya mgao mkali na kwetu kuna mapipa, alileta kwetu kanzu nyeupe za mabwana wa upande wao na mashuka ya chumba cha maharusi, vifuliwe na vipigwe pasi. Vyote vilikuwa kwenye beseni uani.

Mwalimu alichagua pipa la bluu la lita 100, lenye koki chini. Akachukua rangi ya njano ya mama yake, ile ya kuchemshia miyaa ya mikeka, akaenda kwa sonara akapimiwa gramu 5 kwenye mizani ya dhahabu. Rangi ndiyo dawa, akasema, pipa ndio mwili, koki ndiyo figo. Kwenye ukuta wa ua akapanga glasi zangu za wageni, kila moja ameitia rangi kwa kipimo chake, kutoka iliyokolea kama chai mpaka iliyofifia kama maji ya limau. Akamwaga gramu 5 pipani, akakoroga kwa mwiko wangu wa ugali, akachota glasi moja na kuilinganisha na zile za ukutani. Ikalingana na ile ya miligramu 50 kwa lita.

"Dozi gawa kwa kiwango unapata ujazo," akatangaza. "Gramu 5 gawa kwa miligramu 50. Lita 100! Nimepima pipa bila kulipima."

Kisha akawa anatoa ndoo ya lita 10 kwa koki na kurudisha lita 10 za maji safi, anakoroga, anachota glasi. Kila mara inabaki asilimia 90 ya iliyokuwamo. Watoto wa mtaa walijaa ukutani wakitaja namba. Ndoo ya saba ilipotoka rangi ilikuwa imeshuka hadi miligramu 24, chini kidogo ya nusu, sawasawa na karatasi yake. Migomba yangu ilinyweshwa maji ya njano jioni nzima. Adhana ya magharibi ikamkuta hapo, akaacha pipa kama lilivyo, na haukupita muda umeme ukakatika.

Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeambiwa na wifi kwa simu aloweke nguo usiku ili asubuhi kazi iwe nyepesi. Beseni lilikuwa dogo. Gizani, akaona pipa limejaa maji. Kanzu zikaingia, mashuka yakaingia, akasukuma na mwiko uliokuwa palepale, akaenda kulala. Alfajiri akazitoa, akazikamua, akazianika kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, bado kuna kiza. Binti mchapakazi sana yule.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kununua samaki kabla hawajaisha. Yaliyotokea nimesimuliwa.

Kulipopambazuka Bibi alifungua mlango wake, akasimama kizingitini, akafikicha macho. Akamwita mwanawe. "Mwalimu! Hebu njoo. Mbona leo naona kila kitu cha njano?"

Huyo mwanaume hakutoka nje kuangalia anachoangalia mama yake. Alisikia neno njano, akaona 4.85, akaruka na shati moja begani. Nilipofika na samaki wangu nikakuta bajaji inakata kona, simu yake iko mezani juu ya kalenda, na uani kumeanikwa kanzu za njano, mashuka ya njano, foronya za njano, mpwa wangu amesimama katikati yake na viganja vya njano, analia.

Hospitalini, kwa namna anavyosimulia Bibi mwenyewe, walipokewa na daktari kijana, binti mpole, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumshika mkono. Mwalimu alikuwa anasema figo, mfululizo, tembe 5, kwa pumzi moja. Daktari akaagiza mashine ya umeme wa moyo, akatoa damu ya kupima kreatinini na potasiamu, na nyingine ya kupima digoksini yenyewe. Akauliza dawa ilimezwa lini mara ya mwisho, maana damu ikichukuliwa kabla ya saa 6 kupita, dawa inakuwa haijamaliza kuingia kwenye misuli na kipimo kinasoma juu kwa uongo. Mwalimu akajibu ni jana saa 1 asubuhi, na kwamba kisosi alikiona kwa macho yake.

"Bibi, unaona njano sasa hivi?" daktari akauliza.

"Sasa hivi naona koti lako jeupe, mwanangu. Njano iko nyumbani, kwenye kamba ya nguo. Hata huyu mtazame vidole."

Daktari akamtazama Mwalimu vidole.

Umeme wa moyo ulikuwa mzuri kiasi chake. Majibu ya damu yalipotoka, kreatinini ilikuwa vilevile kama ya karatasi. Na kiwango cha digoksini kilikuwa kizuri, katikati ya panapotakiwa. Mwalimu hakuridhika. Kwa figo hizi na dozi hii, alisisitiza, kilitakiwa kiwe juu. Labda mashine ya maabara ina kasoro. Daktari akamwomba karatasi, akaisoma yote, akakaa kimya kidogo. Akasema hesabu yake ina mantiki na alifanya vyema kutobadilisha dawa kwa kichwa chake. Kisha akamgeukia mgonjwa.

"Bibi, tembe unazimeza kila siku?"

Mama mkwe akajirekebisha mtandio. "Nikizimeza kila siku, uji unanikataa. Naumeza leo, kesho unarudi. Kwa hiyo nameza leo, kesho napumzika. Tena sijambo kabisa."

Zile nyingine zilikuwa kwenye kopo lake la ubani, zimepangwa safi, maana yeye si mtu wa kutupa kitu kilicholipiwa. Kisosi kilikuwa kinarudi kitupu kweli.

Mwalimu alirudi nyumbani akapitia kanzu kama hazioni, akaenda kwenye kalenda. Tembe moja kila baada ya siku 2, nusumaisha siku 3: inabaki asilimia 63, na mfululizo unakomea 2.7. Akaweka kalamu chini. Ile dozi ya mtu mwenye figo nzima, tembe 3 zisizofika, mama yake aliifikia kwa kuusikiliza uji. Fomula ilikuwa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kwamba ilidhani kisosi kitupu ni dawa iliyomezwa.

Nami nilikuwa uani napambana na jiki bila mafanikio. Akanikuta hapo, nikidhani anakuja kuomba radhi. Alichota glasi kutoka kwenye pipa, akaipeleka ukutani, akailinganisha. Maji yalikuwa yamefifia, miligramu 8 tu.

"Jana nilibakisha gramu 2.4," akasema taratibu. "Gawa kwa miligramu 8. Lita 300. Pipa la lita 100 lina lita 300!"

Nikamwonyesha kanzu.

"Ndiyo," akasema, na uso ukamwangaza kama mtu aliyepata mshahara wa malimbikizo, "ndiyo hiyo! Rangi imehamia kwenye nguo. Kwa hiyo ukipima maji peke yake unadhani pipa ni kubwa mara tatu. Kitabu kimeandika digoksini ina lita 7 kwa kila kilo ya mtu, nikadhani wamekosea chapa. Mama ana kilo 50, ni lita 350, na damu yake haifiki lita 4! Imejificha kwenye misuli. Hizi kanzu ndiyo misuli!"

Nilimwambia wifi anakuja saa 10, aende akamweleze hiyo misuli.

Daktari aliandika upya: nusu tembe, kila siku, na ukisahau usilipize kwa kumeza mbili. Mwalimu alikokotoa hiyo nayo, 2.4, akamweleza mama yake kuwa ni bora kuliko siku moja ndiyo na siku moja hapana, kwa sababu haipandi wala kushuka sana katikati. Bibi akakubali, kwa masharti kwamba tembe ikatwe kwa wembe na si kwa kisu changu cha vitunguu, na kwamba gramu 5 za rangi zilipwe leo, kwani zilikuwa za mkeka wa mtu.

Wifi alipofika alikaa kwenye kiti cha baraza akainamisha kichwa. Kanzu zilikuwa na mabaka. Pale zilipokunjana pipani zilibaki nyeupe, kwingine njano. Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Akaagiza sufuria kubwa la shughuli, akawasha kuni tatu, akatia chumvi, akatia rangi kutoka kwenye kikapu chake, akaanza kuzamisha kanzu moja moja, akizigeuza kwa kijiti na kuzitazama kwenye mwanga.

Mwalimu alisogea na kalamu. Akamuuliza anatia gramu ngapi.

"Mpaka ikae," akajibiwa.

Siku ya harusi upande wa bwana harusi ulitoka wote kwa kanzu za njano ya manjano, rangi moja, hakuna baka. Waalikwa waliuliza sare ile imeshonwa wapi, na wifi yangu, pasipo kupepesa jicho, akawaambia vitambaa vilitoka Oman na vimekwisha.